Barua ya wazi kwa waheshimiwa: neno "uchochezi" lilimfunga Tilak, sasa kwetu bado linatafuta nini?

Waheshimiwa wabunge, na nyie wakubwa wa wizara ya sheria na ile ya habari, shikamooni.

Mi sio mwanasheria wala mwandishi wa habari, nina steshenari tu, ya mlango mmoja, mashine ya fotokopi moja na printa mbili ambazo moja inakula karatasi kama mbuzi. Nauza madaftari, kalamu, bahasha za kaki, napiga passport size, nawachapia watu barua za kuomba kazi. Sina chama, na kwa kweli siasa huwa nazisikia redioni tu wakati nasubiri mashine ipate moto.

Sasa kilichonifanya niandike ni kipeperushi. Wakina mama wa mtaa wetu walikuja dukani, bomba lilikuwa na wiki ya tano halitoi hata tone na michango walishatoa, wakataka niwachapie vipeperushi 200 vya kuitana kikao, na juu kabisa wakataka maandishi makubwa meusi: PESA ZA BOMBA ZIKO WAPI? Basi. Hakuna tusi, hakuna jina la mtu. Vimeshatoka kama 140 hivi akaingia bwana mmoja wa ofisi moja ambayo sitaitaja, akachukua kimoja kikiwa bado cha moto, akakisoma amesimama, akakirudia, halafu akaniangalia akasema taratibu tu, "kijana, huu ni uchochezi". Hakunikamata, hakunipiga, hakuchukua hata mashine. Alisema hilo neno moja akaondoka na kipeperushi chake mfukoni. Na mi nikazima mashine. Wateja wawili waliokuwa wamekaa kwenye benchi wakakumbuka wana shughuli nyingine. Vile 140 nikavitia kwenye boksi la karatasi za A4 nikalisukuma chini ya kaunta, na mpaka leo vipo humo.

Usiku nikawa sina usingizi nikaingia kwenye simu kutafuta hili neno limetoka wapi hasa, manake nililiogopa bila kulijua, na ndo nikakutana na huyu mzee wa Kihindi anaitwa Bal Gangadhar Tilak. Gandhi tunamjua wote, tumeona picha zake na ile miwani, lakini Tilak alikuwepo kabla Gandhi hajarudi kutoka Afrika Kusini, na Waingereza walimuogopa mpaka mwandishi wao mmoja, Valentine Chirol, akamuita baba wa machafuko ya India. Watu wake wao walimpa jina la Lokmanya, yaani aliyekubaliwa na watu. Naomba mnisikilize habari zake, mtaona kwa nini nawaandikia nyie.

Alizaliwa tarehe 23 Julai 1856 Ratnagiri, pwani ya magharibi ya India, baba yake mwalimu. Akiwa na miaka kama kumi wakahamia mji wa Pune, mama akafariki, na alipofika 16 baba naye akafariki. Kijana akasoma hesabu, akamaliza digrii 1877, kisha akachukua sheria, angeweza kuwa wakili wa kulipwa vizuri akatulia zake. Badala yake 1880 yeye na wenzake wakaanzisha shule Pune, na 1881 wakaanzisha magazeti mawili, Mahratta la Kiingereza na Kesari la Kimarathi, yaani lugha ya watu wa huko, na Kesari maana yake Simba. Mimi kama mtu wa kuchapa nimelipenda hilo jina. Walikuwa na mtambo wao wenyewe wa kuchapa, na gazeti la Kimarathi ndo lililowauma watawala zaidi, sababu lile la Kiingereza lilisomwa na wasomi lakini Simba lilisomwa kwa sauti sokoni na vijijini, mmoja anasoma kumi wanasikiliza. Nyie mnajua hilo ni kitu gani, ni sawasawa na voisi ya WhatsApp inavyozunguka mtaani kwetu.

Hata mwaka haujaisha wakaingia matatani. Waliandika kuhusu jinsi mfalme kijana wa Kolhapur anavyotendewa na waziri wake, wakashtakiwa kwa kashfa, na 1882 Tilak na rafiki yake Agarkar wakakaa ndani siku 101 gereza la Dongri, Bombay. Nikasema ngoja kwanza, hii naijua. Mwalimu Nyerere mwenyewe, 1958, si alishtakiwa kwa kashfa kwa sababu ya alichoandika kwenye Sauti ya TANU kuhusu mabwana shauri wawili, yaani wakuu wa wilaya wa kikoloni? Akapigwa faini ya shilingi 3,000 au miezi sita jela, faini ikalipwa. Kwa hiyo hata Baba wa Taifa alipita kwenye mlango huohuo, na mshtaki alikuwa serikali. Naomba mkae na hilo kidogo.

Halafu ikaja 1897. Mwaka huo tauni ilikuwa imeshafika Pune, watu wanakufa, na serikali ikamleta ofisa mmoja anaitwa Rand asimamie kuizuia. Nia yenyewe ya kuzuia ugonjwa sio mbaya jamani, lakini askari wa kizungu waliingia majumbani, wakaingia mpaka vyumba vya wanawake, wakakagua watu, wakachoma vitu, na watu walipolalamika hakuna aliyewajibu. Tilak hakukimbia mji kama vigogo wengine, alibaki, akasaidia kufungua hospitali ya wagonjwa wa tauni, na akawa anaandika. Mwezi Juni gazeti lake likatoa maneno kuhusu Shivaji, yule shujaa wao wa zamani, na kisa cha kumuua jemadari Afzal Khan. Tarehe 22 Juni usiku, Malkia Victoria anasherehekewa miaka 60 ya ufalme, Rand akapigwa risasi akitoka kwenye sherehe. Waliofanya walikuwa ndugu wa familia ya Chapekar. Tilak hakushtakiwa kwa mauaji, hakukuwa na ushahidi wa kumuunganisha nayo. Serikali ikaanza kukamatakamata, na yeye akaandika tahariri yenye kichwa ambacho ukikitoa kwenye Kimarathi neno kwa neno kinasema: je, kichwa cha serikali kipo mahali pake? Hahaa. Kichwa hicho mi hapa dukani nisingethubutu kukichapa, nawaambia ukweli.

Wakamshtaki kwa kifungu 124A cha Kanuni ya Adhabu ya India. Kifungu hiki kiliingizwa 1870, na kinahusu kuchochea watu wasiipende serikali. Naomba mrudie kusoma hapo. Wasiipende. Jaji Strachey akawaambia wale wa jurii, yaani raia wanaokalishwa kuamua kama mtu ana hatia, kwamba kosa lenyewe ni kukosekana kwa upendo kwa serikali. Sio fujo, sio bunduki. Jurii ilikuwa na wazungu sita na Wahindi watatu, na kura zikawa sita kwa tatu, hesabu hiyo hata mtoto wa darasa la pili ataikokotoa. Miezi 18 kazi ngumu. Akatoka Septemba 1898 kabla ya muda kwa sababu wasomi wakubwa wa Ulaya, mmojawapo Max Müller, waliomba aachiwe, walimheshimu kwa kitabu chake cha kukadiria umri wa Veda, maandiko ya kale ya dini ya Kihindu, kwa kutazama nyota. Na mwaka huohuo 1898 serikali ikakiongezea nguvu kifungu kwa kutia maneno chuki na dharau. Yaani badala ya kujiuliza kwa nini hatupendwi, wakaongeza maneno ya sheria.

Sitakaa sana kwenye miaka ya katikati. Jimbo la Bengali likagawanywa na Waingereza 1905, watu wakaanza kususia vitambaa vya Uingereza na kununua vya nyumbani, Tilak na wenzake Lala Lajpat Rai na Bipin Chandra Pal wakawa wanaitwa Lal-Bal-Pal kama jina la bendi, na mwisho wa 1907 chama cha Congress kikapasuka mkutanoni Surat mpaka kiatu kikarushwa jukwaani. Kiatu cha Kimarathi, wanasisitiza. Tuendelee.

Tarehe 30 Aprili 1908 vijana wawili wa Kibengali walirusha bomu Muzaffarpur wakimlenga hakimu, wakaua wanawake wawili wa kizungu ambao hawakuwa na kosa. Tilak akaandika Mei 12 makala inayoitwa Balaa la Nchi, akisema mabomu ni msiba lakini mzizi wake ni utawala usiosikia watu, na kwamba kuongeza ukali sio dawa. Hicho ndo alichoandika, na Juni 24 akakamatwa tena, kifungu kilekile.

Na hapa ndo pananikosesha usingizi zaidi. Jaji aliyekaa kumsikiliza alikuwa Dinshaw Davar. Huyu Davar, mwaka 1897, alikuwa wakili, na ndiye aliyesimama kumuombea Tilak dhamana akaipata! Miaka 11 baadaye amevaa joho la jaji, wakili kijana anaitwa Jinnah, ndiyo huyohuyo Jinnah aliyekuja kuianzisha Pakistan baadaye, anasimama mbele yake kuomba dhamana kwa ajili ya Tilak yuleyule, na Davar anakataa. Mtu mmoja, mshtakiwa mmoja, kifungu kimoja, kilichobadilika ni kiti tu. Waheshimiwa, baadhi yenu mliwahi kukaa upande wa kulalamika kabla hamjapata viti, mnajua ninachosema, simtaji mtu.

Tilak akajitetea mwenyewe. Aliongea siku kadhaa, jumla saa 21 na dakika kumi, anawafafanulia jurii kwamba tafsiri za Kiingereza za makala zake zimepotoshwa, kwamba maneno ya Kimarathi yana uzito mwingine, na wale wazungu saba wa jurii Kimarathi wenyewe hawakijui. Hebu fikiria unafungwa kwa lugha ambayo anayekuhukumu haisomi. Tarehe 22 Julai, usiku karibu saa nne, wazungu saba wakasema ana hatia, Waparsi wawili, yaani Wahindi wenye asili ya Uajemi, wakasema hana. Jaji akamuuliza kama ana neno. Akasema pamoja na uamuzi wa jurii yeye anashikilia kwamba hana hatia, na kwamba kuna nguvu za juu zaidi zinazoongoza hatima ya watu na mataifa. Miaka sita ng'ambo na faini ya rupia 1,000. Kesho yake ilikuwa birthday yake, anatimiza 52. Wafanyakazi wa viwanda vya nguo Bombay wakagoma siku sita, siku moja kwa kila mwaka wa kifungo, na jeshi likatoka barabarani, watu wakafa. Sasa nani alichochea hapo, aliyeandika makala au aliyetoa hukumu?

Wakampeleka Mandalay, Burma, chumba cha mbao kisichozuia joto wala baridi, na mzee ana kisukari. Na hapa nivumilieni sababu hapa ndo kazini kwangu. Walimruhusu kuandika, lakini wino hapana, penseli tu. Karatasi za mojamoja hapana, daftari lililojalidiwa, na kurasa zimehesabiwa na kuwekwa namba na wakubwa wa gereza ili asichane hata moja akatuma nje. Mimi nauza penseli shilingi mia mbili. Nauza kauntabuku. Siku hiyo nilitoa kauntabuku moja kwenye shelfu nikaifungua nikaanza kuhesabu kurasa kwa kidole, moja mbili tatu, nikapata picha ya ofisa mzima wa himaya kubwa kuliko zote duniani amekaa mezani anatia namba kurasa za daftari la mzee wa kisukari. Wanaogopa nini? Na kwa penseli hizo, ndani ya miezi kama mitano kati ya 1910 na 1911, akaandika Gita Rahasya, kitabu kinene kuhusu Bhagavad Gita, maandiko matakatifu ya Wahindu, chenye hoja kwamba mtu hatakiwi kukimbilia porini kutafuta wokovu, anatakiwa afanye kazi yake duniani. 1912 mke wake akafariki Pune, yeye yuko hukohuko gerezani. Juni 1914 wakamrudisha, wakamfikisha nyumbani kwake usiku wa manane ili watu wasijue. Wakajua.

1916 akaanzisha umoja wa kudai India ijitawale na ndo zama za ile kauli yake inayojulikana kuliko zote, swaraj, yaani kujitawala, ni haki yangu ya kuzaliwa na nitaipata. Wakamvaa mara ya tatu kwa hotuba zake, wakitaka aweke bondi ya rupia 20,000 kama ahadi ya kuwa na adabu. Safari hii Jinnah akamtetea na mahakama kuu ya Bombay ikaitupa ile amri. Akafariki Bombay tarehe 1 Agosti 1920, siku ileile Gandhi alipoanzisha kampeni ya kutoshirikiana na serikali, na umati uliomsindikiza hadi ufukweni Chowpatty ulikuwa hauna mfano.

Najua kuna msaidizi wa mheshimiwa anasoma hii na kusema huyu fundi fotokopi anatuletea malaika. Hapana. Tilak alikuwa na mambo ambayo mimi nayapinga kabisa. 1891 serikali ilitaka kupandisha umri wa mtoto wa kike kuingiliwa, hata kama ameolewa, kutoka miaka kumi hadi 12, na Tilak alipinga, ati wageni wasiingilie mila. Elimu ya wasichana pia aliiwekea vikwazo vyake. Mimi nina binti wa miaka tisa, kwa hiyo hapo sina cha kumtetea. Lakini angalia nani alimjibu. Rafiki yake Agarkar, yule waliyelala naye Dongri, walikuwa wameshatofautiana, akaanzisha gazeti lake Sudharak 1888, na humo akampinga Tilak waziwazi, hoja kwa hoja. Tilak alipokosea alijibiwa kwa kalamu na jibu likawa la maana mpaka leo, alipojibiwa kwa pingu akawa Lokmanya. Serikali haikushinda hata moja ya zile kesi, nawaambia, hata zile ilizoshinda.

Na Gandhi? Machi 1922 akashtakiwa Ahmedabad kwa kifungu hichohicho, akakubali kosa, akasema upendo hauwezi kutengenezwa wala kuongozwa kwa sheria. Jaji Broomfield akampa miaka sita, na akataja wazi kwamba anafuata kipimo cha kesi ya Tilak.

Mtaniuliza India inatuhusu nini. Inatuhusu hivi: Mwingereza alipoichukua Tanganyika alituletea Kanuni ya Adhabu ya India itumike hapa, ikatumika mpaka 1930 ilipotungwa ya kwetu, na hiyo ya kwetu ikabeba uchochezi wenye maneno ya ukoo uleule, chuki, dharau, kutoridhika. Rupia tuliiacha tukahamia shilingi, hili hatukuliacha. Baada ya uhuru tukabadilisha bendera, majina ya barabara, sare za polisi, lakini neno likapita mlango wa nyuma likakaa sebuleni, mpaka likaja kukaa kwenye Sheria ya Huduma za Habari ya 2016. Mahakama ya Afrika Mashariki hapo Arusha ilisema Machi 2019 kwamba vifungu kadhaa vya sheria hiyo, vya uchochezi vikiwemo, vinakwenda kinyume na mkataba wa Jumuiya ambao sisi wenyewe tulisaini. Kenya walifuta uchochezi kwenye kanuni yao 1997. Uganda mahakama yao ya katiba ililitupa 2010. India kwenyewe, Mei 2022 Mahakama ya Juu ilisimamisha 124A, ingawa kanuni mpya iliyoanza Julai 2024 ina kifungu 152 ambacho wengi kule wanasema ni yuleyule amebadili shati. Kwa hiyo mkitoa, toeni kweli, msije mkatubadilishia shati.

Ombi langu ni moja. Mtu akisema watu wakapige, wakachome, wakaue, sheria zipo, mkamateni, mi mwenyewe nitakuja kutoa ushahidi. Lakini kosa la kufanya watu wasiipende serikali, lifuteni, lote, na wakati mnasubiri kikao cha bunge waandikieni watu wenu wa chini, wale wanaoingia madukani, waambieni kuuliza pesa za bomba ziko wapi ni swali na linajibika kwa risiti.

Wakina mama wamerudi jana kuuliza vipeperushi vyao, walishalipia nusu. Nimewaambia mashine mbovu. Mashine haina ubovu wowote waheshimiwa, imebaki kuchapa 60 tu, na duka nafungua saa mbili asubuhi.